Kaktasi ndogo ya maua: ipi ununue, ipi uiache

Wengi wetu hununua kaktasi kwa macho. Unaona ua jekundu juu ya kibonge cha miiba, unalipa, unaondoka nalo. Wiki chache baadaye ua limekauka, na mwaka unaofuata hakuna jingine. Siku hizi ua ni kitu cha mwisho ninachokitazama. Kwanza nafikiria dirisha nitakapoiweka, kisha natafuta mmea ambao umeshathibitisha kwamba unachanua ukiwa mdogo. Orodha hii nimeipanga kwa kipimo hicho: kaktasi inayobaki ndogo, inayovumilia maisha ya ndani, na inayorudia maua kila mwaka. Majina nimeyaacha ya kisayansi, kwa sababu ya mtaani hubadilika kila muuzaji.

1. Gymnocalycium

Nikiambiwa nichague moja tu, nachukua hii, hasa Gymnocalycium baldianum, yenye asili ya Argentina. Ni ya mviringo, ya kijani kilichofifia kuelekea kijivu, na miiba yake imelala ubavuni, kwa hiyo haikuchomi hovyo unapogeuza chungu. Huanza kuchanua ikiwa na upana wa sentimita 4 au 5 hivi, na maua yake mekundu yanaweza kukaribia upana wa mmea wenyewe.

Imeshika nafasi ya kwanza kwa sababu ya mwanga. Kwao porini, jamaa wengi wa kundi hili hukua chini ya nyasi na vichaka, ndiyo maana jua la asubuhi la muda wa saa 3 au 4 huwatosha. Jua kali la mchana nyuma ya kioo linaweza hata kuwababua.

Jina lake limetokana na Kigiriki, likimaanisha ua lenye kikombe kilicho uchi: tumba halina miiba wala manyoya. La kwanza nililoliona kwangu lilianza kama punje ya mtama kando ya kilele. Likapanda taratibu, magamba yake yakipangana kama ya samaki, mpaka siku moja ya jua likafunguka mchana na kujifunga jioni. Kesho yake likafunguka tena, na siku kadhaa zilizofuata.

2. Mammillaria

Hii ndiyo utakayoikuta kwa urahisi zaidi. Kundi lina spishi zaidi ya 100, nyingi zikiwa za Mexico, na karibu zote ni ndogo. Badala ya mbavu ina vichuguu vidogo vilivyojipanga kwa mzunguko, na maua hutoka katikati ya vichuguu hivyo, yakiizunguka kaktasi kama taji. Mammillaria hahniana, yenye nywele nyeupe kama ajuza, hutoa taji la waridi iliyokolea. Zipo pia zinazotoa maua ya rangi ya maziwa, halafu miezi kadhaa baadaye yanachomoza matunda mekundu membamba kama vipilipili, na hapo unafaidi mara ya pili.

Kuna jambo moja la kulijua kabla ya kulipa. Taji hilo hutoka kwenye sehemu iliyokua msimu uliopita, haliji kileleni penyewe. Mmea uliodumaa mwaka mzima kwenye rafu yenye giza hauna mahali pa kutolea maua, hata ukiuhudumia vipi mwaka huu. Kwa hiyo tafuta mabaki: vikonyo vikavu vya maua ya zamani vilivyoshikilia kati ya miiba, kwa mduara. Mwenye haraka huona uchafu. Mimi nikiviona najua mmea huo umeshachanua na utachanua tena.

Ni ya pili kwa sababu inadai jua zaidi kuliko Gymnocalycium. Kama dirisha lako linapata jua nusu siku, basi zote mbili zina cheo kimoja.

3. Schlumbergera

Ndiyo ile inayoitwa kaktasi ya Krismasi. Haina umbo la kibonge. Ni vipande bapa vilivyoungana na kuning'inia. Asili yake ni misitu ya milimani kusini-mashariki mwa Brazili, ambako huota juu ya miti na mwambani penye unyevu. Usiitendee kama ya jangwani: inapenda mwanga usio wa jua la moja kwa moja na udongo usiokauka kabisa kwa muda mrefu. Kwa dirisha lenye kivuli, hii inapanda kuwa ya kwanza.

Ugumu wake ni usiku. Ili itunge matumba inahitaji wiki kadhaa za usiku mrefu, saa 12 au zaidi za giza mfululizo, au vinginevyo usiku wa ubaridi. Taa ya sebuleni inayowaka hadi usiku wa manane inatosha kuizuia. Na ikishatunga, usiihamishehamishe, maana hupukutisha matumba kwa mabadiliko ya ghafla. Unaponunua, chukua yenye maua mawili matatu yaliyofunguka na matumba mengi yaliyokwisha kupata rangi. Yale madogo ya kijani ndiyo huanguka njiani.

4. Rebutia

Kwa wingi wa maua, hakuna ndogo inayoifikia. Kibonge cha ukubwa wa limau hufunikwa na maua ya chungwa, nyekundu au manjano yanayotoka chini karibu na udongo, na hata iliyooteshwa kwa mbegu yaweza kuchanua baada ya miaka 2 au 3. Ingekuwa ya kwanza kama si tabia yake ya milimani. Imezoea nyanda za juu za Bolivia na Argentina, na inataka miezi ya baridi, nyuzijoto kama 5 hadi 10, bila maji, ndipo ichanue vizuri. Ukiwa na chumba au baraza yenye baridi kavu sehemu ya mwaka, inunue bila kusita. Nyumba yenye joto mwaka mzima itakuachia kibonge cha kijani kitupu.

5. Echinopsis

Ua lake ni tarumbeta refu jeupe au la waridi, hufunguka usiku, na kesho yake limeshanyauka. Kulikesha ni jambo la kukumbukwa. Lakini huongezeka ukubwa na kuhitaji nafasi, kwa hiyo kwa dirisha dogo siipendekezi.

Za kuziacha

Kaktasi yenye kichwa chekundu au cha manjano juu ya shina la kijani ni Gymnocalycium mihanovichii iliyobebeshwa juu ya mmea mwingine. Kile kichwa cha rangi si ua. Ni mmea usio na umbijani, hauwezi kujitengenezea chakula, unaishi kwa kunyonya shina lililoubeba. Mara nyingi ushirika huo huvunjika baada ya miaka michache.

Mbaya zaidi ni ile iliyogundishwa ua. Niliwahi kununua moja yenye ua la manjano lililonyooka kileleni pasipo kunyauka kwa miezi miwili. Nilipolishika lilikuwa kavu kama karatasi, na chini yake kulikuwa na tone la gundi iliyoganda, imeshika miiba na sufi ya kilele. Nilipolibandua, ncha ya kukulia ilitoka nalo. Maua yanayotumika ni yale yanayokauka bila kupoteza rangi, nayo hujifunga hewa ikiwa na unyevu na kufunguka ikikauka, hivyo mtu anaamini yako hai. Pindisha chungu, uchungulie chini ya ua. Ua halisi limechomoza kwenye mwili wa mmea. La bandia limekaa juu ya miiba. Zilizopakwa rangi ya buluu au ya kung'aa ziache pia, rangi huziba mwanga.

Hakikisha vilevile kwamba ni kaktasi. Mimea mingi ya jamii ya Euphorbia ina miiba na mbavu, na utomvu wake mweupe huwasha ngozi na kuumiza macho. Kaktasi hutoa miiba kutoka kwenye vidoa vidogo vyenye manyoya, mithili ya vijitonge vya sufi. Hakuna kidoa, hakuna kaktasi.

Dukani

Bonyeza kwa penseli karibu na udongo: pakibonyea, mizizi au shina limeanza kuoza. Kilele chembamba kilichopauka maana yake mmea umerefuka ukitafuta mwanga, na umbo hilo halirudi. Angalia kati ya miiba kama kuna pamba nyeupe inayonata. Hao ni wadudu waitwao vidung'ata, ambao hujificha hata mizizini na kuhamia kwenye mimea yako mingine. Udongo ukiwa umelowa tepetepe, bei isikushawishi.

Chungu kipana kuliko mmea kwa sentimita 1 au 2 tu kinatosha, mradi kina tundu chini. Udongo uwe nusu yake changarawe ndogo, isipokuwa kwa Schlumbergera, inayopenda mboji zaidi. Ukiihamishia humo, kung'uta udongo wa zamani, acha mizizi iliyojeruhiwa ikauke siku chache kivulini, panda, kisha subiri kama wiki moja kabla ya kumwagilia mara ya kwanza.