Propu za kuwaka kwa picha za watu usiku: ipi ununue kwanza

Watu wengi wakinunua propu za kuwaka, yaani vitu vyenye taa vya kushika au kuvaa kwenye picha, wanaangalia tangazo tu, rangi kumi na sita, remoti, sijui inacheza na muziki, halafu wakianza kupiga wanakuta taa imetoka safi kabisa ila aliyeishika ni kivuli. Mimi naanza na swali moja: hiki kitu kinamwaga mwanga usoni kwa mtu au kinang'aa chenyewe tu? Vyote vina kazi yake ila kama hela ni ya kimoja, chukua kinachomwaga. Ndo kigezo nilichopangia hii orodha.

1. Fimbo ya LED ya rangi (tyubu)

Hii haina mjadala. Mtu anaishika mkononi inaonekana kwenye picha kama propu, na hapohapo ndo taa yako kuu, na kwa vile ni ndefu mwanga wake hauchomi sura kama tochi. Kabla hujalipa angalia CRI, yaani inaonyesha rangi kwa usahihi kiasi gani, tafuta 95 kwenda juu, maana zile za 80 ngozi inatoka imepauka au ina ukijani ambao hata ukiedit hauondoki vizuri. Angalia pia kama inapungua mwanga hadi chini kabisa, sio inaanzia asilimia 30, kwa sababu usiku mara nyingi utaitumia ikiwa imepunguzwa. Betri nyingi ukiwasha full zinakaa saa moja hadi mbili, kwahiyo inayochajiwa huku inawaka ni bora zaidi.

Rangi sasa. Nyekundu au bluu ikiwekwa kali kabisa inaunguza chaneli moja ya rangi (kamera inarekodi tatu: nyekundu, kijani na bluu), uso unakuwa bapa hauna pua hauna shavu, na grafu ya mwanga ya kamera inaweza kukuambia kila kitu kiko sawa, angalia ile ya rangi tatu. Punguza ukali wa rangi kidogo, piga RAW, yaani faili ghafi la kamera linaloacha nafasi ya kuedit. Na ujue bluu inaonyesha kila chunusi wakati nyekundu inazificha, kwahiyo kabla hujamwambia mtu "bluu itakupendeza" mwangalie kwanza.

2. Taa za nyuzi, zile ndogondogo za mapambo

Kwa hela ndogo hakuna kinachozishinda na ingekuwa ni thamani ya pesa peke yake ningeziweka namba moja. Unazikusanya viganjani, kwenye chupa, kwenye nywele, unafunika shela. Chukua zenye mwanga wa joto, 2700K hadi 3000K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba ndogo ni ya njano zaidi), zile nyeupe za kibaridi zinafanya watu waonekane wagonjwa. Waya uwe ule mwembamba wa shaba, maana waya wa plastiki wa kijani unaonekana kwenye picha kama kamba ya kuanikia nguo. Ziwe na modi ya kuwaka bila kupepesa, na ziwe za betri au pawabenki, sio za kuchomeka ukutani.

Za betri za kidonge kwa watoto wadogo usinunue, mtoto akimeza moja inaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili.

Ujanja wake ni ukaribu. Lundo la taa likiwa sentimita 20 kutoka usoni ukilisogeza hadi 40 mwanga unaobaki ni kama robo tu, kwahiyo mwambie mtu alete mikono juu kuliko anavyodhani inatosha. Anzia f/1.8 (tundu la lenzi liwe wazi sana), ISO 800 hadi 1600 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), shata 1/60 au 1/125 ya sekunde, na white balance, yaani mpangilio wa rangi ya mwanga, ifunge usiiache kwenye auto.

Kingine kinachohusu namba 1 na 2: LED nyingi zikipunguzwa mwanga kiukweli zinazima na kuwaka haraka sana, jicho halioni lakini shata ya haraka inaona, picha inatoka na mistari. Dukani washa taa, ipunguze, irekodi na simu kwenye slo mosheni. Ukiona mistari inatembea, rudisha. Kama umeshanunua tumia shata ya polepole na uzime shata ya kielektroniki.

3. Mwavuli wa plastiki angavu wenye taa

Mzuri, hasa kukiwa na mvua au barabara imelowa. Shida mwanga unatokea juu, macho yanakuwa mashimo, kwahiyo ulazwe begani, usisimamishwe. Baluni za LED nazo naziweka hapa, zinapendeza ila zinamulika kidogo.

4. Brashi ya nyuzi za faiba

Hii inafungwa kwenye tochi, ni ya kuchora mwanga hewani, inatoa mistari kama hariri nyuma ya mtu. Lakini inataka traipodi, ISO 100, f/8, sekunde kadhaa shata ikiwa wazi, na mtu asiyejitikisa. Kama hujawahi kupiga hivyo subiri kwanza. Hakikisha kiunganishi chake kinaingia kwenye tochi uliyonayo, saizi zinatofautiana.

5. Waya wa EL

Ni waya mwembamba unaowaka kwa umeme, unang'aa wote kwa urefu, unashonwa kwenye nguo, unatoa umbo la mtu gizani. Uso haumuliki kabisa, na kile kiboksi chake cha umeme kinapiga mlio kama mbu.

6. Vijiti vya kuvunja (glow stick)

Ni kemikali, ukishavunja kile kichupa cha ndani haizimiki, na mwanga mkubwa uko mwanzoni halafu unafifia. Ukivipasha joto vinawaka zaidi ila vinaisha haraka, ukiviweka friji vinakaa ila vinafifia. Kijani na njano ndo vinavyoonekana kwenye kamera. Usikate kumwaga maji yake kwa ajili ya staili.

Fataki za mkononi na stilwaya ya kusugulia masufuria (watu wanaiwasha na kuizungusha itoe cheche) sijazipanga kwa makusudi. Fataki inafika joto la nyuzi 1000 za Selsiasi na zaidi, stilwaya inatupa cheche hadi mbali na majani makavu yanashika. Kama lazima, fataki tu, kwa mtu mzima, mkono umenyooka mbali na uso, nywele zimefungwa, nguo ya nailoni hapana, na ndoo ya maji iwe pembeni kabla kiberiti hakijatoka mfukoni.