Nozo za Kirusi za elfu 28, mbona maua ya kwenye boksi siyaoni?

Haya jamani mugonile! Kwa mnaotuangalia kutoka Dar na Mwanza hiyo ni salamu ya huku kwetu, mmelalaje, leo sisalimii sana maana nina hasira na nina oda, vyote kwa mpigo. Mdogo wangu sogeza simu, sogeza waone boksi. Mnaliona? Ni seti ya nozo za Kirusi, vile vichuma vya kuminyia krimu vinavyotoa ua zima kwa mguso mmoja, zile mlizonisumbua kwenye komenti wiki mbili nzima, dada tufanyie za Kirusi, dada lini za Kirusi, haya nimenunua, elfu 28 hapa Mwanjelwa, Mbeya, nikaomba punguzo mpaka nikaona aibu mwenyewe, muuzaji akaniambia dada Kariakoo utazipata kwa 20 ila jumlisha na hela ya kutuma mzigo kwa basi, na usubiri. Mimi nina keki ya Jumamosi. Nikasema leta.

Ziko 12, stenilesi, mnazijua, siwahesabii moja moja. Ninachotaka muone ni hii picha ya juu. Waridi limefunguka, tulipu, kuna hili kama dalia, kuna na hili sijui nyota sijui ua, yaani karatasi inang'aa unasema leo keki itajipamba yenyewe mimi nikalale. Sasa fungua ndani. Hii ndo kapla waliyoweka, kile kishikizo cha kufungia nozo kwenye mfuko. Na hii ndo nozo. Hebu angalieni, naingiza... imepita! Imedumbukia ikatokea upande wa pili kama sarafu kwenye mfuko uliotoboka. Jamani nozo ya Kirusi mdomo wake mpana, inataka kapla kubwa, hii waliyoweka ni ya vinozo vidogo vya kawaida, sasa aliyepanga hili boksi alikuwa anawaza nini? Hapo ndo hasira ilipoanzia, hata keki sijaigusa.

Ila usirudishe dukani, utapoteza nauli. Kata ncha ya mfuko wa kupambia, dumbukiza nozo moja kwa moja bila kapla, ibanie hapa, imeisha. Ubaya wake ukitaka kubadili nozo inabidi uwe na mfuko mwingine, huwezi kufungua ukabadilisha katikati ya kazi. Mimi hapa nina mifuko mitatu.

Kabla sijaminya niwaambie oda yenyewe, maana ndo sababu ya yote haya. Bibi harusi mtarajiwa kwao ni Makete, sendofu Jumamosi, kanipigia anasema dada mimi sitaki keki nyeupe yenye lulu, lulu wameweka wote, mimi nataka keki ya Kitulo. Nikamwambia Kitulo gani, hifadhi? Akasema ee, hifadhi, Bustani ya Mungu, nataka maua ya kwetu. Kwa msiopajua, Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, iko juu huko kwenye mita 2,600 hivi, na imehifadhiwa kwa ajili ya maua, sio simba sio tembo, maua! Okidi peke yake wanazitaja aina 45. Ila ukienda saivi Julai utakuta baridi na nyasi tu, maua yenyewe ni kuanzia Novemba huko mpaka Aprili. Kwa hiyo mtu anataka Kitulo mwezi ambao Kitulo yenyewe haina maua, nami nimesema ndiyo, kwa sababu mimi nikisikia oda ya kilo tano siwezi kusema hapana, Mungu anisamehe.

Haya twende. Batakrimu hii, siagi nusu kilo, aisingi, ile sukari ya unga, kilo, nimeongeza maziwa ya Asas vijiko viwili tu. Aisingi nimeichekecha mara mbili kwenye chujio la chai la nailoni na nawaomba msiruke hapo, nozo hizi hazina tundu moja, zina vipenyo vyembamba vingi vimechongwa umbo la ua zima, kitonge kimoja tu cha sukari kikikaa pale petali moja haitoki, ua linakuwa kibogoyo. Sasa simamisha kijiko kwenye krimu. Kinasimama chenyewe, hakilali. Ndo ugumu unaotakiwa. Wipikrimu sahauni, niliijaribu jana usiku, iliyotoka pale siwezi kuwaonyesha, watoto wameshaila.

Nachukua ya tulipu. Naishika wima, wima kabisa, msiilaze kama mnavyolaza ile nozo ya nyota, namba 1M. Naigusisha kwenye keki. Naminya... naanza kuinua taratibu huku bado naminya... naacha kuminya... halafu ndo navuta. Ukivuta huku mkono unaminya ua linaota mkia kama panya.

Ona sasa. Limechanika. Mdogo wangu sogea, waone hizi kingo, zimechanika kama chapati iliyokosa mafuta. Narudia. Limechanika tena. La tatu hili, angalia, kingo zote meno meno.

Sasa hapa ndo nataka tuongee, zima jiko kama umeinjika kitu. Kuna chaneli moja ya Dar, siitaji, mnaijua, dada anapamba vizuri sana na kucha zake, yeye anakwambia ukimaliza kupiga krimu iweke frijini dakika 20 ndo uanze. Nami mwaka jana nikamfuata kama kondoo. Jamani yule yuko Dar! Kule krimu inayeyuka unaiona kwa macho, lazima frijini. Mimi niko Uyole, Julai, asubuhi hii naongea moshi unatoka mdomoni, jikoni kwangu ndo frijini penyewe! Siagi ikipata baridi inaganda, haiteleziki kwenye vile vipenyo, inatoka inakatikakatika, ndo haya meno meno mnayoyaona. Kwa hiyo huku kwetu tunafanya kinyume chake. Angalia. Taulo, maji ya moto, kamua, zungushia mfuko. Unaukumbatia hivi kama mtoto mchanga, hesabu mpaka 60, unaukanda kanda, usiminye.

Haya. Wima. Gusa. Minya, inua, acha, vuta.

Mmeonaaa?! Mdogo wangu usitikise simu! Ona hilo ua jamani, ona petali zilivyojikunja kwa nje, kingo laini, mguso mmoja tu, kwa ile nozo ya kawaida waridi moja unazungusha na msumari wa maua, kile kisahani chenye kijiti, dakika mbili shingo inauma, hili sekunde tatu. Narudia. Lingine. Lingine. Nikiri, hapa hasira inapungua. Ngoja niwaonyeshe na rangi mbili, hii naipenda, mfuko wa pili nimepaka mistari ya zambarau ya jeli kwa ndani pembeni, katikati nimejaza krimu nyeupe, yale ya mwanzo matatu manne unayaminyia kwenye sahani mpaka rangi zishuke zote, halafu sasa... ee. Ee! Ncha za zambarau, moyo mweupe. Hilo ni langu, silitoi.

Lakini hesabuni na mimi. Moja, mbili... naendelea... kumi na nne, kumi na tano, la kumi na sita hili, mnaona limelala? Petali zimelegea. Joto la kiganja changu limeshaingia kwenye mfuko. Kwa hiyo una maua kama kumi na tano hivi ya uhakika katikati ya kuchanika na kulala, baada ya hapo weka mfuko chini kwenye simenti upumzike, shika wa pili. Ndo maana nina mitatu. Kwenye boksi haijaandikwa hiyo.

Na hili pia hawaandiki, pembeni mwa keki hayakai. Nabandika hapa ubavuni, subirini... limekaa... linaanza... linateremka polepole kama mtu anayetoroka kikao cha michango. Ni mazito, moja nimelipima ni gramu 12 hivi, ukiweka maua 40 juu ya keki umeshamaliza karibu nusu kilo ya krimu kwenye maua tu, sasa wewe unayemuuzia mtu kilo ya keki elfu 30 halafu anakwambia niongezee na maua, kaa chini upige hesabu. Mimi saivi kilo nimepandisha, 35, mliozoea 30 samahanini, siagi imepanda na mimi nimepanda.

Nimeulizwa hapa na mtu, wa wiki iliyopita, keki inaumuka vizuri halafu inadidimia katikati, yuko Iringa. Dada yangu punguza beking pauda kidogo. Iringa na hapa Mbeya tuko juu, hapa kama mita 1,700, hewa nyepesi, keki inapanda haraka kabla haijashika, inachoka, inarudi chini. Resipi za mtandaoni nyingi ni za watu wa bondeni. Na usifungue fungue hilo jiko, hata kama ni sufuria la mchanga na mkaa juu, liache.

Turudi. Nozo zilizobaki. Hii ya dalia, haifai kitu. Hii ya nyota ua, inatoa kitu kama kifungo cha koti. Hizi tatu zinafanana, nimeziminya zote, hata nyie mkiziangalia hamtatofautisha, kwa hiyo kwenye 12 unazotumia kweli kweli ni hii ya tulipu, hii ya waridi dogo na labda, labda, hii ya tatu. Elfu 28 kwa nozo mbili na nusu! Bora wangeuza ya tulipu peke yake elfu 5 nikanunue mbili. Na zifuteni zikikauka, mimi hii nimeiacha na maji usiku mmoja tu imeshaweka kidoa hapa kwenye mshono, sasa stenilesi gani hiyo.

Halafu kubwa kuliko yote. Bibi harusi wangu anataka okidi. Kwenye boksi zima okidi haimo! Waridi limo, tulipu limo, maua ya Makete hayamo. Na haiwezekani kwa mguso mmoja, okidi sio duara, ina majani matatu ya nje, halafu ndani petali tatu, na moja kati ya hizo ndo mdomo, umbo lake tofauti na rangi tofauti. Kwa hiyo nimerudi kwa bibi kizee wangu, nozo ya petali namba 104, hii ya shilingi elfu moja na mia tano, ina miaka minne hapa jikoni. Kijikaratasi cha kuokea juu ya msumari, upande mnene wa nozo katikati, mwembamba nje, petali moja, mbili, tatu za nyuma, mbili za pembeni kubwa, halafu mdomo nabadilisha mfuko, njano, naminya kidogo navuta. Sio zuri sana hili. Hili zuri. Na hapa baridi yetu inalipa deni, naziacha kwenye trei dirishani usiku, asubuhi zimeganda kama mawe, nazibandua kwenye karatasi naziweka ubavuni mwa keki zinakaa, hazitoroki michango. Yule wa Dar hana hiyo.

Majani hata nozo situmii, karatasi ya kuokea nimekunja koni, ncha nimekata V, basi.

Ndani keki ni ya kakao, nataka ikikatwa ionekane udongo. Na kakao yenyewe, ngoja niseme tu, nimenunua kopo limeandikwa lugha siijui, wakati mimi nikipanda gari hapa nikashuka Tukuyu nikaingia Kyela nakuta kakao imeanikwa nje kwenye majamvi. Inatoka mbegu, inarudi kopo. Nikianza hilo hatumalizi leo.

Mnataka nitoe alama? Seti nzima nne ya kumi. Tulipu peke yake tisa. Ukiwa na oda za besdei na kipaimara, keki za juu maua juu, nunua, zitakuokolea muda. Ukiwa unaanza na una elfu 28 mkononi, nunua 1M, nunua 104, nunua mifuko mizuri, chenji utabaki nayo. Nilivyofika hapa asubuhi nilitaka niwaambie msinunue kabisa, sasa nimeangalia hili la zambarau... aa. Nnn. Nunueni mkichangia na shosti wako, kila mtu achukue moja.

Jumanne ijayo ni fondanti, ile sukari laini ya kufunikia keki, nimeipata ya Tunduma, mlioomba darasa la kwenye WhatsApp limejaa lakini nafungua lingine mwezi wa nane, na yule aliyeandika kuwa sauti inakwaruza, maiki mpya inakuja, huyo uliyemsikia dakika zote hizi ni jogoo wa jirani, hayumo kwenye bajeti.

Bajaji hiyo, imefika! Mdogo wangu weka simu, njoo ushike bodi upande huu, shika chini, chini, usiguse okidi. Na mwambie dereva aende taratibu mpaka tuvuke pale kwenye vumbi. Haya ndaga fijo, asanteni sana jamani, tutaonan— shika, inaegemea huku!