Boda wangu wa Nkuhungu: nyota 4

Mimi ni fundi cherehani soko la Majengo, hapa Dodoma, nakaa Nkuhungu. Asubuhi boda hunifikisha sokoni, mchana namtuma na nguo za wateja: Area D, Kisasa, na tangu serikali ihamie huku, hadi Mtumba kwa watu wa wizara.

Nauli kwanza. Nyumbani hadi sokoni natoa buku 2. Mtumba patana kabla hujapanda, la sivyo ukishuka utaambiwa, "Mama, huku mbali, mafuta yameisha."

Niliyekuwa naye zamani alikuwa dume la mbegu. Malori ya barabara ya Dar anayapita kwa kuyapangusa, kofia ngumu ameitundika kwenye kioo. Nikimwambia apunguze: "Tulia mama, unaendeshwa na mwanaume." Mwanaume huyo alining'iniza gauni la send-off kwenye usukani, likafika Kisasa na grisi kifuani. Nilishona jingine kwa hela yangu.

Huyu wa sasa mfuko anauzungushia nailoni, anaufunga kwa mpira wa tyubu mara 2, kisha anauvuta kuupima, kama mimi ninavyovuta mshono. Julai upepo ukibeba vumbi husimama: "Tungoje lipite, sioni mbele." Wenzake kijiweni wanamwita bibi harusi. Yeye anapandisha zipu ya lile koti lake zito, analovaa hata saa 7 mchana, wala hajibu. Pikipiki si yake, yuko kwenye mkataba: kila jioni hesabu ya bosi elfu 10, apate vichwa asipate. Imebaki miezi 4 chombo kiwe chake, na anaihesabu kama mwenye mimba. Akianguka sasa hivi, anaanza upya. Hao wanaomcheka wengi wako kwenye mkataba huohuo, ndiyo maana wanakimbia.

Kasoro zipo. Kofia ya abiria inanuka jasho la Dodoma nzima. Nimemshonea vitambaa 2 vya kuvaa ndani yake, kimoja nimekiona kichwani kwa mwanawe.

Nyota ya 5 nimeizuia kwa sababu ya simu. Bosi akipiga, anaichomeka ndani ya kofia huku tunaenda: "Ndiyo mzee, jioni mzee." Jumatatu nilimgonga bega. Akapaki pembeni, akamalizia kuongea, tukachelewa kufungua duka. Sikumkata hata jero.