Parokia ya Kianglikana Temeke: Tathmini Baada ya Mwaka Mmoja

Nimelelewa Muheza, jirani na Magila, mahali ambapo wamisionari wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa), shirika la Kianglikana kutoka Uingereza, waliweka mizizi tangu karne ya 19, kwa hiyo nilipohamia Dar es Salaam mwaka jana nilitafuta parokia yenye ubani, kengele na misa ya siku za kazi kama niliyoizoea nyumbani. Niliipata upande wa Temeke. Ninaandika kwa ajili ya Waanglikana wenzangu wanaohamia mjini, na jina la parokia ninaliacha kwa sababu nitasema pia yale yasiyoniridhisha.

Wengi huipima parokia kwa Jumapili. Mimi ninashauri ipimwe kwa Jumatano, siku ambayo misa huanza saa 12:15 asubuhi na hakuna kwaya wala umati wa kumbeba mtu. Jumatano yangu ya kwanza tulikuwa tisa, na mvua ya masika ilipiga bati kiasi kwamba somo tulilisikia kwa shida. Mbele yangu aliketi bibi mwenye kitabu cha sala ambacho jalada lake limeshonwa kwa uzi mweusi. Hakukifungua hata mara moja, alikishika kifuani tu na kuitikia kila sala bila kukosea neno. Misa ilipokwisha, padri alivaa koti la mvua, akaichukua Sakramenti, na yeye pamoja na mzee mmoja wa kanisa wakaondoka kwa miguu kumpelekea komunio mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani. Baadaye nilielezwa kwamba hufanya hivyo kila Jumatano, mvua inyeshe isinyeshe. Siku hiyo hiyo niliamua kubaki.

Jumanne na Ijumaa jioni kwaya hufanya mazoezi, na Jumamosi vijana hufagia kanisa wakati watoto wa kipaimara wakifundishwa chini ya mwembe. Siku iliyonigusa kuliko zote, hata hivyo, ni Alhamisi alasiri, wanapokutana akina mama wa UMAKI, ambao ni tawi letu la umoja wa akina mama wa Kianglikana (Mothers' Union) ulioanzishwa na Mary Sumner huko Uingereza mwaka 1876. Nilidhani ni kikao cha sala na sare nzuri. Nilipofiwa na shangazi yangu mwezi Agosti, walifika msibani Mbagala siku ile ile wakiwa na unga, sukari na majani ya chai, wakaingia jikoni na hawakutoka hadi wafiwa wote walipokwisha kula. Hakuna aliyekuwa amewaomba, kwani jina la shangazi lilikuwa tayari kwenye daftari lao la wagonjwa.

Jumapili yenyewe ina uzuri wake. Chetezo hutumika misa zote mbili, watumishi wa altare wamefundishwa vizuri, na mahubiri hayazidi dakika 20. Ndugu anayetoka Dodoma au Morogoro, ambako Kanisa Anglikana lilikuzwa na misheni ya CMS (Church Missionary Society), yenye ibada sahili zaidi, huenda akashangazwa na moshi wa ubani na nafasi ya kitubio kila Jumamosi jioni. Ajue tu kwamba Dayosisi ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1965 chini ya Askofu John Sepeku, imerithi mapokeo hayo ya UMCA kutoka Zanzibar, na wala si mambo yaliyobuniwa na padri wa hapa.

Yasiyoniridhisha ni haya. Matangazo ya misa ya kwanza yamewahi kuchukua dakika 40, na baada yake hufuata mnada wa sadaka za mazao. Mnada ninaupenda, na nimewahi kununua jogoo kwa shilingi 35,000 nikijua kabisa kwamba sokoni ningempata kwa bei nafuu zaidi, lakini kuuendesha ndani ya kanisa wakati waumini wa misa ya pili, wakiwamo wazee na wajawazito, wamesimama nje juani ni kuwakosea heshima. Uhamishiwe uwanjani. Spika za upande wa kushoto nazo hukoroma, na anayeketi nyuma ya nguzo ya tatu hukosa nusu ya Injili. Nimelieleza jambo hili kwa wazee wa kanisa mara mbili, na bado ninasubiri.

Pamoja na hayo sijafikiria kuhama. Anayetaka kuijaribu parokia ya namna hii, popote atakapoipata jijini, aanze na misa ya katikati ya wiki na afike robo saa mapema. Kwetu siku hizo lango kubwa hubaki limefungwa. Wanaojua hupitia mlango mdogo wa ubavuni, karibu na sakristia, ambako mtunza kanisa huwa ameshawasha mishumaa.