Kurudia mbegu za papai la Red Lady F1: uzoefu wangu

Red Lady F1 ni mpapai chotara uliotoka Taiwan, na kwa anayelima Kigamboni, Goba au Bunju, hapa Dar es Salaam, naupendekeza bila kusita: unazaa ukiwa bado mfupi, nyama ni nyekundu, na papai lina kilo 1.5 hadi 2. Ila pakiti ya mbegu ni ghali, ndiyo maana wengi wanakausha mbegu za papai walilokula. Kuota zinaota vizuri. Tatizo ni kitakachotoka.

Mbegu za chotara hugawana upya sifa za babu na bibi, kila mche na fungu lake. Kizazi cha pili nilichokuza kina mipapai inayokaribia mama yake kabisa, na mingine inayorefuka mno kabla ya kuzaa. Ukubwa na utamu vinatofautiana kwenye mstari mmoja. Kwa kula nyumbani hainisumbui. Kwa soko la Buguruni nanunua pakiti mpya, kwa sababu mnunuzi anataka tenga la saizi moja. Ustahimilivu dhidi ya ugonjwa wa virusi vya madoa ya pete nao usiutegemee kwa kila mche.

Jambo linaloamua zaidi ni jinsia. Chukua mbegu kwenye papai refu, lililotoka kwenye ua la jinsi mbili (lenye sehemu za kiume na za kike pamoja), si lile la duara la mpapai jike. Ua la jinsi mbili lililojichavusha lenyewe hutoa miche miwili ya jinsi mbili kwa mmoja jike, na dume hakuna. Ukipanda mitatu kwa shimo, mashimo 26 kati ya 27 yatapata angalau mmoja wa jinsi mbili. Papai la jike lililochavushwa na dume la jirani litakupa nusu ya miche madume, na hiyo ni hasara ya miezi mitano ya maji na samadi. Kwa hiyo funika ua kwa mfuko wa karatasi kabla halijachanua, ufunue kitunda kikishaonekana.

Papai liive mtini. Sugua mbegu kwenye chujio chini ya maji hadi ule ute wa nje utoke wote, maana unazuia kuota. Anika kivulini siku mbili au tatu, kisha otesha mapema, kina cha sentimita 1, mbegu mbili kwa kiriba. Subiri wiki mbili hadi nne. Miche ikianguka shingoni ni ugonjwa wa kinyausi: umezidisha maji, au udongo haukuchanganywa mchanga wa kutosha.

Shimo liwe sentimita 60 kwa 60, nafasi mita 2 hadi 2.5, debe moja la samadi iliyooza. Bondeni panapotuama maji wakati wa masika, panda juu ya tuta. Mizizi ya mpapai hufa ikizama siku mbili tu.

Maua yakitoka, kwenye mwezi wa nne hadi wa sita, pasua moja la kila mche. Likiwa jembamba na lina chavua ya njano pamoja na kitunda ndani, bakiza. Likiwa nene chini, bila chavua, ni jike. Vishada vinavyoning'inia kwenye vikonyo virefu ni dume, ng'oa. Inayobaki iwe mmoja kwa shimo, na inayoondolewa ikatwe usawa wa ardhi badala ya kung'olewa kama mizizi imeshasokotana na ya jirani yake.