Mnyororo wa palani: wa kwanza uliruka, wa pili umetulia

Nina garaji ndogo Kampemba, hapa Lubumbashi, na kazi yetu kubwa ni kutoa injini za malori yanayopanda na kushuka njia ya Kasumbalesa. Injini moja ya lori zito ni tani moja na kidogo. Palani yetu, mashine ya kunyanyulia mzigo kwa mnyororo, ni ya tani mbili, ile ya kuvuta kwa mkono ambayo jamaa wa Dar es Salaam wanaiita cheni bloku. Mwili wake bado mzima, ila mnyororo wa kubebea mzigo ulikuwa umelika. Nilipopima pale pete inapogusana na pete, unene ulikuwa umepungua zaidi ya sehemu moja ya kumi. Hapo hakuna mjadala, unatolewa.

Mara ya kwanza nilinunua mjini. Kijana wa duka alinipa mnyororo wa milimita 8, mweusi, mpya, wenye alama ya 8 iliyogongwa safi kwenye chuma. "Papa, hii iko nguvu, ata tembo itapandisha." Na wala hakunidanganya: alama hiyo ni ya chuma kigumu cha kunyanyulia, si mnyororo wa kufungia geti. Nikalipa, nikaufunga mwenyewe.

Siku ya tatu, injini imeshatoka kwenye chasi na kupanda kama mita moja, tukasikia "ka!" ndani ya palani. Mzigo ukashuka upana wa kiganja, ukasimama. Hakuna aliyekuwa chini yake, maana hilo ndilo ninalowapigia vijana kelele kila asubuhi. Tukaushusha polepole, na njiani ikalia tena mara mbili.

Jioni nikaulaza mnyororo juu ya meza, nikahesabu pete 11. Kila pete inatakiwa kuwa na milimita 24 kwa ndani, kwa hiyo 11 ni 264. Wangu ulitoa karibu 270. Nusu milimita kwa pete moja, jicho haliioni. Lakini gurudumu la palani lina vishimo, na kila pete lazima ilale kwenye kishimo chake. Pete zikizidi urefu, moja inapanda ukingoni, uzito ukiivuta inateleza na kuangukia ndani. Ndiyo ile "ka!".

Mnyororo haukuwa feki. Ulikuwa wa kuzungushia mzigo na kuuning'iniza kwenye kulabu ya winchi, ambako pete kupishana urefu kidogo si neno. Wa palani hutengenezwa kwa kipimo kinachobana zaidi. Miaka ishirini na mafuta mikononi, na hilo sikulijua.

Wa pili nilimwagiza muuzaji mwingine, mzee mmoja, na kabla ya kutaja bei aliniomba picha ya kibati cha palani na kipande cha mnyororo wa zamani. Hapo nikajua nimempata mtu wa kazi. Ulichukua wiki tatu kufika kutoka Afrika Kusini, na bei ilikuwa zaidi ya mara mbili. Una herufi T, alama ya mnyororo wa palani, na ulikuja na cheti cha majaribio chenye namba ileile iliyo kwenye kibati chake kidogo. Pete 11: 264 na unywele. Miezi minne sasa unalia ule mlio wa kawaida tu, tiki tiki ya breki.

Pamoja nao nilichukua kulabu ya chini, na hapo ndipo ninapomkata nyota moja. Kilimi cha usalama, kile kinachofunga mdomo wa kulabu, kina springi legelege, nimeshaibadilisha. Kulabu yenyewe nzuri. Niliipiga nukta mbili kwa ponchi, moja kila upande wa mdomo, nikaandika umbali wake ukutani. Siku ukiongezeka sehemu moja ya kumi, inatoka. Sahani za breki ya palani nilibadilisha pia, na kijana wangu mmoja karibu azipake grisi kwa wema wake. Zinafanya kazi zikiwa kavu, ndugu zangu!

Nyota nne kwa tano.

Yule kijana wa duka la kwanza nilimpitia kumsimulia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa papa, juu ya nini hukuleta kipande cha zamani?" Nikanunua boliti mbili, nikaondoka.