Vyura wawili wa kijani: wa yungiyungi na wa matete

Mulika tochi usiku wa masika kwenye bwawa la pwani, Kenya au Tanzania, nawe utawachanganya. Wa kwanza, Hyperolius pusillus, ni kadogo hasa: dume ana milimita 20 hivi, pua butu, na ngozi angavu kama nailoni. Jike mwenye mayai ukimwelekezea taa, unayaona yamejaa tumboni. Wa pili, Hyperolius tuberilinguis, hukaribia urefu mara mbili, pua imechongoka. Huyu hata manjano huwa, kwa hiyo rangi isikudanganye, tazama pua.

Kwenye kutaga ndipo wanapoachana. Mdogo huyaficha mayai kati ya majani ya yungiyungi yaliyolaliana, usawa wa maji. Mkubwa huyabandika kwa ute unaonata kwenye jani au tete juu kidogo ya maji. Viluwiluwi wakianguliwa, hudondoka chubwi! wakaanza kuogelea.

Mimi, kusema kweli, masikio hunitangulia macho: mkubwa hugonga tok, tok kwa nguvu, mdogo ungedhani ni mdudu.